Mhadhiri mpya kwenye idara yako: namna ya kumshika mkono darasani na kwenye utafiti

Wakuu wa idara wenzangu, na nyie wote mnaosimamia TA (tutorial assistants, wale wa ngazi ya chini kabisa ya ualimu wa chuo) na wahadhiri wasaidizi, haya nayaandika kwa vyuo vyetu vya hapa Tanzania, ambako kijana anamaliza digrii na GPA ya 3.8 kwenda juu, anaajiriwa, na mwezi wa kumi na moja yuko mbele ya wanafunzi mia nne na maiki inakatakata na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kufundisha. Alafu miaka miwili mbele tunamuuliza mbona huna chapisho. Wengi tunachofanya ni kumpeleka semina ya siku tatu, anarudi na begi na cheti, anakuta ratiba ni ile ile na mzigo ni ule ule. Semina sio mbaya ila peke yake haimfikishi mbali. Anachohitaji ni muda na mtu wa kukaa naye mara kwa mara, na vyote viwili mkuu wa idara anaweza kuvipata bila kusubiri bajeti ya chuo.

Anza na ratiba yake, tena kabla semesta haijafunguliwa. Semesta ya kwanza mpe kozi moja ya kwake na tutorial, kozi ya pili kama lazima iwepo basi aifundishe na mkubwa wake, wagawane mada. Alafu ongea na mtu wa ratiba ampe siku moja kamili isiyo na kipindi, iandikwe kabisa kwenye ratiba kuwa ni siku ya utafiti, mana isipoandikwa itajazwa na vikao. Kamati iwe moja tu mwaka wa kwanza. Tunajua wote inavyokua, kijana ndo mratibu wa field (mafunzo kwa vitendo), ndo katibu wa kikao cha mitihani, ndo anayesimamia mahafali, kwa sababu tu hawezi kusema hapana mbele ya wakubwa. Wewe ndo wa kusema hapana kwa niaba yake. Na dada zetu wanaorudi kutoka likizo ya uzazi, tafadhali, usimpangie kipindi cha saa moja asubuhi na kingine cha saa moja usiku siku hiyo hiyo.

Mtu wa kumlea asiwe wewe. Wewe ndo unampa alama kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, hatokwambia kwamba mada ya tatu haielewi hata yeye. Mtafutie mhadhiri au mhadhiri mwandamizi, ikiwezekana wa idara ya jirani, wakutane kila wiki nusu saa, chai tu inatosha, na wewe usiulize waliongea nini. Uliza kama wamekutana basi.

Sasa darasani. Kitu kinachosaidia kuliko vyote ni mtu kwenda kukaa nyuma ya darasa na kuangalia, lakini ukienda bila utaratibu inakua ukaguzi, na mwalimu anaogopa na wanafunzi wanaona mwalimu wao ameletewa polisi. Kwaiyo siku moja kabla kaeni, yeye mwenyewe aseme anataka uangalie nini, labda ni namna anavyouliza maswali. Ukifika darasani chukua karatasi, andika saa pembeni, andika kinachotokea tu bila kuhukumu. Mfano saa 2:10 anaongea, slaidi ya nne. Saa 2:31 bado anaongea, slaidi ya kumi na moja. Saa 2:32 anasema "kuna swali?", kimya, anabadilisha slaidi. Saa 2:40 safu za nyuma wako kwenye simu. Baadae mkikaa mpe karatasi yake asome mwenyewe, usianze kwa kusema umekosea hapa na hapa, atayaona, na hapo ndo mnaongea kwamba "kuna swali?" hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakayeijibu mbele ya watu mia nne. Wiki ijayo awape swali moja, waongee wawili wawili kwa dakika mbili, alafu amwite mmoja aseme walichokubaliana na jirani yake. Hiyo inafanyika hata kwenye ukumbi wenye viti vya kufungwa chini. Na wewe pia mwalike aje akae nyuma ya darasa lako, hapo ataamini kweli sio ukaguzi.

Pia kaeni naye kwenye maswali ya mtihani, na hapa msifanye haraka, mana mwanafunzi anasoma kwa kufuata mtihani, hata slaidi ziwe nzuri vipi. Chukua mwalimu wa chuo cha kilimo ametunga "Taja na ueleze aina tano za umwagiliaji". Anayekariri anapata zote. Kaeni mlibadilishe: mkulima wa Mbarali ana ekari tatu za mpunga, zamu yake ya maji ni mara moja kwa wiki, mfereji unavuja na jirani wa juu anachukua maji mengi, mshauri afanye nini na kwa nini. Maarifa ni yale yale ila sasa anatakiwa kufikiri. Mkishabadilisha swali moja hivi mwalimu mwenyewe atarudi kubadilisha na namna anavyofundisha hiyo mada, hutahitaji kumwambia. Mradi wa TESCEA, ulioendeshwa 2018 mpaka 2021 kwenye vyuo vikuu vya Mzumbe na Dodoma (UDOM), na Uganda pale Gulu na Uganda Martyrs, ulifanya kazi kwa mtindo huu wa kuzisuka upya kozi, wahadhiri wakisaidiwa na wenzao wa AFELT, chama cha kuendeleza ufundishaji vyuoni, kutoka Kenya. Kwaiyo sio lazima mtaalamu atoke Ulaya.

Maoni ya wanafunzi yakusanywe wiki ya tano, sio mwisho. Ile fomu ya mwisho wa semesta inafika wakati darasa limeshaondoka. CR (kiongozi wa darasa) agawe vikaratasi, maswali mawili tu, nini kinakusaidia kujifunza na nini kibadilike, bila majina, mwalimu asome mwenyewe alafu kipindi kinachofuata awaambie atabadilisha nini.

Tukija kwenye utafiti, kwanza hakikisha ana cha kusoma. Vijana wengi wanasema makala zinalipiwa, kumbe chuo kimesajiliwa Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi kama zetu majarida bure au kwa bei nafuu, kule ndani kuna HINARI ya afya, AGORA ya kilimo na nyingine, na nywila anayo mkutubi. Mpeleke kwa mkutubi wewe mwenyewe wiki ya kwanza. Kuna tovuti ya AJOL pia kwa majarida ya Afrika. Na AuthorAID, mtandao wa kusaidia watafiti wachanga, wana kozi za bure mtandaoni za kuandika makala, na wanaweza kumuunganisha na mtafiti mzoefu wa fani yake.

Kama ameshamaliza masters, makala ya kwanza itoke kwenye tasnifu yake. Hamna haja ya data mpya. Achukue sura moja, swali moja, maneno elfu tano, basi. Alafu anzisha asubuhi ya kuandika, kila ijumaa saa 3 mpaka saa 6, chumba cha mikutano cha idara, watu watano sita, simu kimya, kila mtu anaandika ya kwake, dakika ishirini za mwisho mnabadilishana ukurasa mmoja mmoja na kusomeana. Na wewe uwepo unaandika, mkuu wa idara akikosa ijumaa tatu hicho kitu kimekufa.

Kwenye kuchagua jarida kuweni makini sana, mana hapa vijana wanaliwa pesa. Inakuja imeili ya kumsifia, inamwita profesa wakati ni TA, inaahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa dola mia na kitu. Kaa naye mwangalie: jarida lipo DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida huria yaliyohakikiwa? Wahariri wapo kweli kwenye vyuo vinavyotajwa, ukifungua tovuti ya chuo unamkuta? Makala za nyuma zina maana? Kuhusu ada, wachapishaji wengi wakubwa wana utaratibu wa kusamehe au kupunguza kwa waandishi wa nchi kama zetu, lakini wengi wao wanataka uombe wakati wa kutuma makala, ukisubiri ikubaliwe unaweza kuwa umechelewa.

Na hili nalisema kwa uchungu kabisa: mkubwa, usiweke jina lako kwenye makala ambayo hukuifanyia kazi. Majina na mpangilio wake yaandikwe kwenye karatasi siku ya kwanza mnapopanga kazi. Kijana akishaona jina la bosi juu ya jasho lake hataandika tena, na akiandika atakuficha.

Pesa za utafiti zipo kwa msimu. COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) wanatangaza kupitia MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, na kwa vyuo vilivyomo kwenye mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ule wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia ulioanza 2021, kusomesha wahadhiri ni sehemu ya mradi. Tangazo likitoka msiache kijana aandike peke yake mpaka usiku wa mwisho. Andiko lisomwe na watu wawili wa idara wiki mbili kabla, na bajeti aiangalie mtu wa uhasibu, andiko zuri linaangushwa na posho zisizojumlishika.

Makala ikirudi na maoni ya wasomaji wa jarida (reviewers, wale wanaoihakiki kabla haijachapishwa), hasa makala yake ya kwanza, mwite wiki hiyo hiyo. Wengi wanaifunga laptopu na hawaigusi tena, wanadhani wamekataliwa kumbe wameambiwa warekebishe. Isomeni wote kwa sauti, alafu mchore jedwali la safu tatu, maoni ya msomaji, jibu letu, ukurasa tuliobadilisha. Aanze na yale madogo ya tahajia na marejeo apate nguvu, yale mazito mpangieni tarehe. Kama hakubaliani na hoja fulani anaruhusiwa kusema kwa heshima na kutoa sababu. Siku itakapokubaliwa mwombe hilo jedwali aliache kwenye faili la idara, TA atakayeajiriwa mwakani alikute.