Disiki ya breki ya nyuma ya pikipiki inachemka? Ikague ikiwa bado ya moto

Bodaboda nyingi hapa Kigoma breki ya nyuma ni ya dramu, kwa hiyo yenye disiki ikianza kuchemka watu hukimbilia kununua pedi, vile vibao vinavyoibana disiki. Mteja wangu mmoja alikuja ameshabadilisha pedi mara mbili. Akitoka Mwandiga mpaka Mwanga tu, harufu ya kuungua, pedali imekaza, disiki imegeuka bluu. Pedi zake hazikuwa na kosa lolote.

Hatua ya 1. Iendeshe mpaka breki ishike yenyewe, maana ikipoa inajifanya nzima. Zunguka kilomita chache ukisimama kwa breki ya mbele peke yake. Piga stendi kubwa, toa gia, zungusha tairi kwa mkono. Pedi kugusa kidogo ni kawaida, tairi kugoma si kawaida. Disiki usiiguse! Idondoshee tone la maji. Likichachatika, joto limepita nyuzi 100.

Hatua ya 2. Hii usiiruke. Tairi likiwa bado limeshika, chomeka mpira mwembamba kwenye nipo, ile skrubu yenye tundu ya kutolea upepo kwenye breki, upande wa pili uingie kwenye chupa. Fungua nipo robo mzunguko (mara nyingi ni spana namba 8), halafu ifunge wakati mafuta ya breki bado yanatoka. Tairi likiachia, presha ilikuwa imenaswa: shida ni masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) au hosi (mpira unaopitisha mafuta). Lisipoachia, shida ni kalipa, ile sehemu inayoshika pedi kwenye disiki.

Hatua ya 3. Kama ni presha, anza na fimbo inayosukuma masta silinda. Pedali lazima icheze kidogo kabla fimbo haijaanza kusukuma pistoni. Mle ndani kuna tundu dogo mno ambalo mafuta hupitia kurudi kwenye kikombe cha mafuta ya breki. Pistoni isiporudi mpaka mwisho, tundu linabaki limezibwa. Mafuta yakipata moto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma pedi; pedi zinasugua, moto unazidi. Mteja wangu alikuwa amepandisha pedali imfikie vizuri akiwa na kandambili. Nililegeza nati, nikaifupisha fimbo kidogo, kazi ikaisha. Taa ya breki ikague baada ya hapo.

Fimbo ikiwa sawa, angalia kikombe kisijazwe kupita alama, kisha fungua masta silinda uoshe hilo tundu. Hosi ya zamani nayo huvimba kwa ndani, mafuta yakaenda yasirudi. Hiyo haitengenezwi, nunua nyingine.

Hatua ya 4. Kama ni kalipa, ni vumbi letu hili jekundu. Toa pini ambazo kalipa hutelezea, piga msasa laini, paka grisi ya breki, si ya beringi. Kuna pini nilizikuta zimepakwa mawese; mawese tuwaachie samaki wetu migebuka. Pistoni ya kalipa isugue kwa mswaki na maji ya sabuni kabla hujairudisha ndani. Petroli isiguse sili, mpira unaozuia mafuta kuvuja.

Hatua ya 5. Weka mafuta mapya ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikombe, toa upepo. Mafuta ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishavuta maji yanaweza kuchemka kwenye 155, na hapo pedali inazama hadi chini. Badilisha kila miaka 2.

Maswali ya wanachama

Nashusha abiria na mzigo kutoka Mwanga kwenda stesheni, nikifika chini disiki ni moto. Ni ugonjwa?

Zungusha tairi. Likiwa jepesi, huo ni moto wa mteremko tu. Shuka na gia ndogo, tumia na ya mbele, kanyaga na kuachia. Na mguu usilale kwenye pedali, wengi hawajijui.

Shikamoo fundi. Ikinishikia njiani, karibu na Kasulu, hakuna fundi?

Marahaba. Simama ipoe yenyewe, usiimwagie maji, disiki inaweza kupinda. Ikigoma kuachia, legeza nipo kama hatua ya 2, kisha nenda polepole kwa breki ya mbele.

Disiki ikishakuwa bluu ndiyo ya kutupa?

Si lazima. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa huwa umechapwa kwenye disiki yenyewe. Pima, kisha izungushe uone kama inayumba. Ya yule mteja haikuyumba, bado anatembea nayo.