Filta ya hewa ya lori: soma kipimo kabla hujafungua pipa

Juzi dereva mmoja ninayemfahamu alinipigia simu akiwa ameegesha Ruaha Mbuyuni, anaogopa kuuanza mlima wa Kitonga. Gari ina mzigo, haivuti, na kila akikanyaga mafuta inatoa moshi mweusi. "Fundi, ea klina nimeipuliza jana tu, na kipimo kiko kijani." Nikamwambia asiguse nozeli wala pampu ya dizeli. Shida hiyo iliwahi kunipotezea siku nzima, kwa hiyo naandika namna tulivyoifuata.

1. Tafuta kipimo

Ni kile kikopo kidogo chenye kidirisha kinachoonyesha filta imeziba kiasi gani: kijani bado iko sawa, nyekundu imeziba. Kiko kwenye pipa la ea klina, yaani pipa linalokaa filta ya hewa, au kwenye bomba linalotoka pipani kwenda turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini). Gari nyingine zina taa kwenye dashibodi.

2. Kisome baada ya gari kufanya kazi

Injini ikiunguruma gari imesimama inavuta hewa kidogo, kipimo hakitakuambia kitu. Bonyeza kitufe alama irudi mwanzo, panda mlima na mzigo, kisha simama usome. Vipimo vya kawaida alama hubaki pale ilipofikia hata ukizima injini. Vingi nilivyovishika vinafika nyekundu kwenye mvuto wa hewa wa inchi 25 za maji, kama kilopaskali 6.2, ila kitabu cha gari yako ndicho cha kufuata.

Haijafika nyekundu? Iache. Karatasi ya filta kuwa ya kahawia si sababu ya kuitupa, maana vumbi lililokwisha kushika juu yake husaidia kunasa vumbi laini zaidi. Na kama umetoka kwenye mvua kubwa, karatasi iliyolowa inaweza kupandisha kipimo. Ikauke kwanza, usome tena.

3. Hakikisha kipimo chenyewe ni kizima

Hapa ndipo nilipopotelea. Gari yangu ilikuwa na moshi na haina nguvu, kipimo kijani kabisa. Nikafungua nozeli, nikapima, nikafunga. Nikakagua mabomba ya turbo. Jioni, nikifuta jasho, nikaona kampira kembamba kanachounganisha kipimo na bomba la hewa kamepasuka karibu na klipu, ufa wa urefu wa ukucha. Kipimo kilikuwa kinavuta hewa ya nje, kwa hiyo kisingepanda hata ningeziba pipa kwa gunia.

Ubaya wa ufa huo ni mara mbili. Mpira ule uko upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa, kwa hiyo kila kinachopenya pale kinakwenda moja kwa moja kwenye turbo, halafu kwenye pistoni na ringi.

Kwa hiyo: chomoa mpira, ukunje wote taratibu mkononi mwako kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana ufa haujionyeshi mpira ukiwa umenyooka. Kisha vuta hewa kwa mdomo kwenye tundu la kipimo, baada ya kulifuta. Alama ipande na ibaki. Isipopanda, au ikipanda ikarudi yenyewe wakati cha kwako ni cha kubaki, nunua kingine. Bei yake huwezi kuilinganisha na ya turbo. Kama kipimo kimefungwa moja kwa moja kwenye pipa bila mpira, angalia kifereji chake, mara nyingi kimezibwa na tope.

Ukikuta ufa, fungua bomba la kwenda turbo, pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na unga mwekundu, vumbi limeshapita. Futa bomba lote kwa kitambaa chenye unyevu, na ushike shafti ya turbo usikie kama inacheza.

4. Badilisha

Kipimo kizima kikifika nyekundu, toa filta, futa pipa kwa kitambaa kilicholowa kabla ya kuweka mpya, na kagua mpira wake wa kuziba kwa kidole, mzunguko mzima. Minya ule mdomo wa mpira chini ya pipa ili vumbi lidondoke. Ukiwa umekauka ukapasuka, badilisha.

Filta sipulizi kwa kompresa, na simruhusu utingo apulize. Presha inatoboa karatasi tundu la sindano usiloliona, na kila unapofungua pipa unadondosha vumbi upande ulio safi. Lita 1 ya dizeli inahitaji kama lita 10,000 za hewa, na injini ya dizeli huvuta zaidi ya hapo. Tundu hilo dogo linapitiwa na hewa yote hiyo kutwa nzima.

Filta ndogo ya ndani haioshwi wala haipulizwi. Mimi naibadilisha kila ninapobadilisha ya nje mara ya 3.

Yule dereva alikunja mpira wake akakuta umekatika penye klipu. Akapunguza kipande, akaurudisha, akaendesha kilomita chache, kipimo kikaruka hadi nyekundu. Filta mpya alikuwa nayo nyuma ya kiti.