Jinsi ya kumpendekeza mwanasayansi wa Dunia kwa tuzo ya kimataifa: anza na barua za watu wengine

Wiki iliyopita nimetuma pendekezo langu la pili. La kwanza, la mwaka jana, lilikufa usiku wa siku ya mwisho kwa kukosa barua moja, wakati niliyempendekeza alikuwa anastahili kabisa. Naandika sasa hivi kabla sijasahau, maana katika idara zetu za jiolojia na maji wapo watu wenye kazi nzito ya miaka mingi ambao hakuna aliyewahi kukaa chini akaandika kurasa mbili juu yao.

Tuzo hizi haziendi kama maombi ya ufadhili. Nyingi ya zile kubwa hazimruhusu mtu kujipendekeza mwenyewe. Anayestahili atabaki kimya mpaka mwingine amsemee, na huyo mwingine ni wewe.

Kuchagua tuzo hakuchukui muda ukishajua mtu wako anafanya nini. Umoja wa Jiosayansi wa Ulaya, EGU, hupokea mapendekezo hadi tarehe 15 Juni kila mwaka. Una Nishani ya Arthur Holmes kwa wanaochunguza miamba na tumbo la Dunia, Nishani ya Henry Darcy kwa watu wa rasilimali za maji, na Tuzo ya Arne Richter kwa wanasayansi chipukizi. Holmes mwenyewe alitafuta madini Msumbiji mwaka 1911 akiwa kijana, akaugua malaria huko; baadaye ndiye aliyeandika juu ya Ukanda wa Msumbiji, ambao miamba yake inapita hapa Tanzania na Kenya. Kwa upande wa Marekani, Umoja wa Jiofizikia wa Marekani, AGU, una tuzo mbili mahsusi kwa watafiti chipukizi wa Afrika, moja ya sayansi za Dunia na bahari, nyingine ya sayansi za anga za juu. Soma masharti ya tuzo unayoitaka kwenye tovuti yake mwaka huohuo, usitegemee faili ulilorithi kwa mwenzako.

Sharti la kusoma mara mbili ni la miaka. Kwa EGU, chipukizi ni aliyepata shahada yake ya juu kabisa ndani ya miaka saba iliyopita. Mwenzangu niliyempendekeza mwaka jana alikuwa amebakiza miezi minne. Pendekezo lilipokufa nikaona nimemfungia mlango kwa mkono wangu, na nilishindwa kumwambia kwa wiki nzima. Nilipomwambia, akaniuliza, "Dada, umehesabu na likizo ya uzazi?" Sikuwa nimehesabu. Unaweza kuongezewa hadi mwaka mmoja kwa kila mtoto, na mwanawe anaanza chekechea Januari. Kwa hiyo usifanye siri ili uje kumshangaza. Kaa naye, muulize tarehe zote, aandike wasifu wake kwa mkono wake.

Sasa barua za kuunga mkono. Nyingi ya tuzo hizi huomba angalau tatu, na hapa ndipo nilipopoteza mwaka.

Kosa la kwanza lilikuwa kuomba kwa mdomo. Niliwaendea watu watatu kwenye mkutano, wote wakasema "hakuna shida", nami nikarudi nyumbani nimeridhika. Kosa la pili, nilipeleka barua ya mwenzetu wa hapa ndani ipitie masjala, ipate kumbukumbu namba na muhuri. Ikakaa siku kumi na moja kwenye jalada. Kamati za tuzo hazina haja na muhuri. Zinataka karatasi yenye nembo ya taasisi, sahihi na tarehe, kwenye faili la PDF. Kosa la tatu ndilo lililotumaliza. Profesa mmoja alinitumia barua yake usiku wa mwisho, nzuri sana, lakini haina sahihi na si PDF. Nikampigia, simu imezimwa, yuko kwenye ndege. Nilibaki nautazama ukurasa wenye nafasi tatu za kupakia, mbili zina alama ya kijani, ya tatu tupu, mpaka mfumo ukafunga.

Mwaka huu nilianza tarehe 1 Machi. Kila mmoja nilimwandikia hivi: "Shikamoo Profesa. Nampendekeza Dokta wetu wa maji kwa tuzo. Naomba barua ya kurasa zisizozidi mbili ifikapo tarehe 10 Mei. Naomba uzungumzie hasa kazi yake ya kemia ya maji, kwa kuwa wewe unaijua kuliko sisi. Nimeambatanisha muhtasari wa ukurasa mmoja na makala zake tatu." Kwa wa pili niliomba azungumzie kazi yake vijijini, kwa wa tatu wanafunzi aliowalea. Barua tatu zinazosema jambo lilelile zina uzito wa barua moja. Tarehe uwape ya mwezi mzima kabla ya mwisho, na uwakumbushe bila aibu. Wala wasiwe wote msimamizi wake wa zamani, watu wa ofisi moja naye, au walioandika naye makala. Kamati huangalia undugu wa namna hiyo.

Barua yako mwenyewe, ya pendekezo, isianze na idadi. Ya kwanza niliandika makala ngapi, makongamano mangapi, kamati zipi. Nikiisoma leo simwoni mtu humo. Ya mwaka huu inaanza kwenye miteremko ya Mlima Meru, na visima viwili vya kijiji kimoja: watoto wanaokunywa cha juu wana meno meupe, wa cha chini meno yameota kahawia. Kisha nikaeleza kwa nini: miamba na majivu ya volkano yana floraidi, ambayo ikizidi huharibu meno, na maji yenye magadi mengi na kalsiamu kidogo huiacha iyeyuke na kubaki majini, ikipita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuwa kikomo. Ndipo nikasema yeye aliongeza nini juu ya yale yaliyokuwa yanajulikana. Nilikuwa na daftari lake la kazi mezani, lenye ramani ya penseli na jina la mama mwenye kila kisima. Hao nao niliwataja kwamba wapo, maana bila wao kufungua mageti hakuna sampuli.

Ukiombwa sentensi ya sifa, ile itakayosomwa akishinda, iandike mapema na umpe mtu asiye wa fani yako aisome. Kama haelewi, irudie.

Mengine ni mepesi. Fungua akaunti mapema, jaza majina yake kama yalivyo kwenye machapisho, pakia kila kitu siku tatu kabla, kisha fungua tena kila faili kutoka kwenye mfumo uone kama linasomeka. Angalia saa: Juni, Ulaya ya Kati wako nyuma yetu kwa saa moja tu, lakini saa sita usiku ya mashariki ya Marekani ni saa moja asubuhi kwetu.

Ukishatuma, waandikie walioandika barua siku hiyohiyo, wala usingoje matokeo, na uhifadhi faili zote mahali pamoja kwa sababu ukikosa mwaka huu utazihitaji. Mimi nimeshaweka kwenye kalenda ya simu tarehe 1 Machi ijayo. Kuna kijana anapima mitetemo karibu na volkano ya Oldoinyo Lengai, na wa kumwandikia barua ya kwanza nimeshampata.