Namna ya Kumshauri Mkusanyaji Anayetaka Kununua Mchoro wa Tingatinga

Mteja anapokuletea mchoro unaodaiwa kuwa wa Edward Saidi Tingatinga, anza na miaka kabla ya uzuri: msanii huyo alianza kuchora jijini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972, kwa hiyo kazi zake halisi ni chache, ilhali za wanafunzi na wafuasi wake, ambazo nazo huitwa Tingatinga, ni nyingi mno.

Ugeuze mchoro uukague mgongoni. Tingatinga anajulikana kwa kupaka rangi ya enameli (rangi inayong'aa na kukauka ikiwa ngumu) juu ya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, hivyo kitambaa cha turubai kinapaswa kukutia shaka. Sahihi pekee isikutulize, kwani huigwa kwa urahisi. Fuatilia historia ya umiliki, yaani nani alinunua, wapi na lini, na kama zipo stakabadhi, barua au picha za zamani zinazouonyesha mchoro ukiwa ukutani. Penye pengo, liandike wazi katika ripoti yako, hata kama mteja ameshaupenda mchoro huo (na mara nyingi huwa ameshaupenda).

Bei ilinganishwe na matokeo ya minada yaliyotangazwa. Ujira wako utoke kwa mteja peke yake; anayepokea kamisheni ya siri kutoka kwa muuzaji, kwa maoni yangu, si mshauri tena.

Baada ya ununuzi, mwelekeze mteja asiutundike kwenye ukuta wenye unyevu, kwa sababu hadibodi huvimba na rangi hubanduka.