Somo: nani kaanza? Kutafuta chanzo kwenye data za MRI ya ubongo

Haya wanakundi, swali mwaliuliza kila mara: sehemu A ya ubongo ikiwaka halafu B ikafuata, A ndo imeiamsha B? Twende polepole.

Hatua 1. Jua skana ya MRI (mashine ya sumaku ipigayo picha za ubongo) yapima nini. Haisikii seli za neva zenyewe, yasoma damu yenye oksijeni, ishara iitwayo BOLD alioonyesha Seiji Ogawa na wenzake 1990, na damu huchelewa, kilele chaja kama sekunde 5 au 6 baadae wakati neva zaongea kwa milisekunde!

Hatua 2. Chora mishale kwa kalamu kabla hujagusa kompyuta. Nani aweza kumsukuma nani, na kuna wa tatu anaewasukuma wote? Hapa wengi waruka na ndo pabaya. Msikiti mmoja hapa Amu (Lamu) ukitangulia kuadhini kila siku na wa pili ukafuata, wa kwanza haukuuamsha wa pili, yote miwili yafuata jua.

Hatua 3. Chagua njia. Granger (Clive Granger, mchumi, 1969) yauliza tu kama historia ya A yasaidia kutabiri B zaidi ya historia ya B yenyewe. DCM (Dynamic Causal Modelling, Karl Friston na wenzake, 2003) yaweka modeli ya neva na ya damu pamoja, mie naipenda zaidi, ila yalinganisha zile modeli ulizoipa tu, ya kweli kama haimo ndo haimo.

Hatua 4. Ukiweza, gusa. TMS, ile sumaku ya juu ya fuvu, uisukume A uone B, na uweke mguso bandia wa kulinganisha manake mashine ina kelele.

MASWALI

Swali: Nikipata p ndogo (yaani matokeo yasiyoelekea kuwa ya bahati tu) kwenye Granger si yatosha?
Jibu: La ndugu yangu. Watu wawili watoka Shela kuja Amu, wa kwanza kwa miguu, wa pili kaondoka dakika 5 baadae kwa boti, nani atafika mbele? Damu pia iko hivyo, kila sehemu ina mwendo wake. 2011 Stephen Smith na wenzake walitengeneza data za kuigiza ambazo majibu wayajua, na njia za kutegemea nani katangulia zilifeli vibaya.

Swali: Basi nitumie EEG, ile ya kupima umeme wa ubongo kwa elektrodi za kichwani?
Jibu: Kwa muda ni nzuri sana, shida ni mahali. Umeme hutapakaa fuvuni, elektrodi mbili zaweza kuwa zasikia chanzo kimoja ukadhani zaongea, kwa hiyo rudi hatua 2 uchore tena.