Kabla hamjaipiga In C hapa Mombasa, someni hii kwanza

Mtu akiiona karatasi ya noti ya In C mara ya kwanza hucheka, manake muziki wote unaenea ukurasa mmoja, vipande vifupi 53 vya muziki vimepangwa kwa namba, kuna hata kimoja chenye noti moja tu ya kuvuta. Hapo ndo mtego ulipo. Mtunzi Terry Riley aliitunga 1964 huko Marekani, ala yoyote ruhusa, kwa hivyo fidla, akodioni, udi na kanuni zetu (ile ala ya nyuzi nyingi) zinaingia bila shida. Vidole havitawasumbua. Masikio ndio kazi, na subira.

Sheria kila mtu aijue kabla hata hajatuni ala. Unaanza cha kwanza, unakirudia mara utakazo, ukitosheka unakwenda cha pili, hivyo hivyo mpaka 53, ila msiachane kwa zaidi ya vipande viwili vitatu. Na kondakta hakuna (labda wa matatu iliyowaleta), kwa hivyo ukipotea hakuna wa kukurudisha. Sisi zoezi la kwanza jamaa wa akodioni alifika 30 sisi wengine tuko 19 tunajikokota, akainua kichwa anauliza mbona mnanipigia kelele. Dawa tuliyoipata ni kuchukua vipande 10 tu na kukaa navyo nusu saa, na kila mtu alazimike kunyamaza mara kadhaa asikilize wenzake, Riley mwenyewe anataka hivyo, lakini kumnyamazisha mpiga fidla wa taarab wallahi ni mtihani. Mkono umezoea kumjibu mwimbaji, kutia madoido, kuchomeka takasimu (kupiga peke yako kwa kubuni) kidogo. Huku hakuna. Unapiga kilichoandikwa kwa mwendo ule ule, basi.

Halafu mpigo. Kuna mtu anagonga C za juu za piano mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika, wazo hilo lilikuwa la Steve Reich, alikuwemo kwenye kundi la kwanza kuipiga. Tafuteni watu wawili wapokezane, manake onesho laweza kwenda dakika 45 hadi saa moja na nusu, na wetu alichoka mkono karibu dakika ya ishirini, akaanza kuharakisha, nasi tukamfuata kama kondoo. Kinanda chenyewe kiwe cha betri. Ukumbi mmoja tuliahidiwa jenereta, stima ilipokatika tukaletewa tochi.

Mpiga kanuni afike saa nzima kabla, nyuzi zile zote na unyevu wa pwani hii, na kama ukumbi una AC asituni nje kwenye joto halafu aingie ndani, atarudia kazi yote. Vile vijiti vidogo vya kubadilisha sauti ya nyuzi kufuata maqam (skeli za Kiarabu) avirudishe kwenye skeli ya C ya kawaida, na kwenye karatasi yake atie alama: F-shapu (F iliyopandishwa nusu toni) inaingia kipande cha 14, baadaye F ya kawaida inarudi, karibu na mwisho kuna B-flati (B iliyoshushwa nusu toni). Akisahau moja tu, ukumbi mzima unasikia. Kipande cha 35 ndicho kirefu kuliko vyote, hicho kila mtu akajifunze nyumbani, na ambaye ala yake haikiwezi akiruke, imeruhusiwa.

Mwisho pia muufanyie mazoezi, watu hudhani utajileta wenyewe. Aliyefika 53 anabaki hapo akisubiri wenzake, wote wakishafika sauti inapanda na kushuka mara kadhaa, kisha mmoja mmoja anaacha.

Na msianze baada ya Magharibi, adhana ya Isha itawakuta katikati na hapo hakuna pa kusimama. Anzeni baada ya Isha, na wanaovuka kwenda Likoni waambiwe mapema kwamba mtamaliza usiku, wajipange na feri.