Jinsi ya kulinda hela yako ya kwenye simu, matapeli wamezidi

Jamani wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na wenzao hawavunji mitambo ya M-Pesa wala Airtel Money, wanakuja kwako wewe, wanataka namba yako ya siri au laini yako, wakipata kimoja wapo umekwisha. Kwa hiyo linda hivyo viwili.

Namba ya siri ni tarakimu 4 tu, usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Ukienda kwa wakala bonyeza mwenyewe hata kama kuna foleni, na mtu akikupigia anajiita huduma kwa wateja akakuuliza namba ya siri kata simu hapo hapo.

Sasa meseji feki, hapa ndo wengi wanalizwa. Inaingia meseji "Imethibitishwa, umepokea Tsh 150,000" halafu dakika hiyo hiyo anapiga mama analia, amekosea namba, hela ya mgonjwa, naomba mwanangu nirudishie. Angalia meseji imetoka wapi, mara nyingi utakuta ni namba ya kawaida ya 07 au 06, sio jina la mtandao. Ila hata ikija na jina usiiamini, ingia kwenye menyu, M-Pesa ni *150*00#, uangalie salio kwa macho yako. Na kama hela imeingia kweli bado usimrudishie wewe, mwambie apige 100 kampuni irudishe muamala, maana ukishamtumia anaweza akapiga tena huko akadai alikosea, unakatwa mara ya pili. Mawakala hili mlishike sana, nyie ndo mnawindwa kila siku.

Laini je? Tangu 2019 hapa Tanzania tunasajili kwa NIDA (namba ya kitambulisho cha taifa) na alama ya kidole, na wapo wasajili wa barabarani wanakwambia kidole hakijasoma weka tena, kumbe anasajili laini nyingine kwa jina lako ambayo itaenda kutapelia watu. Piga *106# uone namba zilizo chini ya NIDA yako, ukikuta usiyoijua nenda duka la mtandao husika wakaifute. Na simu ikikosa network ghafla wakati wa jirani yako wa mtandao huo huo inashika, usikae kusubiri, huenda kuna mtu kairenew laini yako, yaani kaihamishia namba yako kwenye laini mpya aliyonayo yeye, azima simu upige huduma kwa wateja wafunge akaunti kabla hela haijatolewa.

Kingine, mtu asikwambie ubonyeze *21* halafu namba yake na #, hiyo inahamishia simu zako kwake. Kama ulishabonyeza piga ##002# inafuta.

Namba ya tapeli usiiblock ukaishia hapo, itume kwanza kwa meseji kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ili ifungiwe.